Ruwenzori kwa Njia ya Mutwanga: Vituo, Migongo na Maneno ya Mlima

0. Utangulizi

Katika zoezi moja la insha ya maelezo tuliwaomba wanafunzi wetu waeleze safari ya kwenda mahali wanapopajua. Mmoja wao, mzaliwa wa Mutwanga, aliandika kurasa tatu juu ya kuupanda mlima Ruwenzori. Yeye mwenyewe hakuwahi kuupanda. Alirudia masimulizi ya baba yake, aliyekuwa mpagazi wa wageni. Insha ilikuwa nzuri, ila mahali sita mwandishi alikuwa ameacha nafasi tupu na kutia nukta tu. Tulipomwuliza sababu alijibu: «Asistenti, baba hulitaja jambo hilo kwa Kinande, na wageni wake walilitaja kwa Kifaransa. Kwa Kiswahili sikulipata neno.» Tulitaka kumsaidia papo hapo, lakini sisi pia tulikwama.

Makala haya yametokana na nafasi hizo sita. Yana madhumuni mawili. La kwanza ni kueleza njia ya kuupanda mlima huo kutoka upande wa Kongo, yaani kutoka Mutwanga, kituo kwa kituo, kwa kuwa wasomaji wetu wengi wa Butembo na Beni wanauona mlima kwa mbali bila kujua unavyopandwa. La pili ni kupendekeza istilahi za Kiswahili kwa yale ambayo msafiri hukutana nayo huko juu. Tutaanza na umbo la mlima, kisha jina lake na historia ya wapandaji, ndipo tuingie njiani. Mwishoni tutasema neno juu ya hali ya leo, maana haifai kueleza njia bila kusema kama inapitika.

1. Mlima na umbo lake

Ruwenzori ni safu ya milima iliyo mpakani mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Uganda, yenye urefu wa takribani kilomita 120 kutoka kaskazini hadi kusini. Watu wengi hudhani kwamba kila mlima mrefu wa Kivu ni volkano, kwa sababu wamezoea habari za Nyiragongo na Nyamulagira. Sivyo. Ruwenzori haikutokana na moto wa ardhini. Ni pande kubwa la miamba ya kale sana lililoinuliwa kati ya nyufa za Bonde la Ufa, wakati ardhi ya kandokando ilipodidimia. Ndiyo sababu upande wetu wa magharibi una mteremko mkali: bonde la Semliki liko chini kabisa, na mlima unasimama juu yake kama ukuta.

Safu hiyo ina makundi sita ya vilele yaliyokuwa na barafu: Stanley, Speke, Baker, Emin, Gessi na Luigi di Savoia. Kilele kirefu kuliko vyote ni Margherita, katika kundi la Stanley, chenye mita 5,109. Katika Afrika nzima kinapitwa na Kilimanjaro (mita 5,895) na mlima Kenya (mita 5,199) tu. Jirani yake ni Alexandra, mita 5,091. Mpaka wa nchi hizi mbili unapita juu ya kundi hilo, hata mtu asimamaye Margherita huwa na Kongo upande mmoja na Uganda upande wa pili.

Maji ya mlima huu yana safari ya kushangaza. Mito ya magharibi, kama vile Butahu inayopita Mutwanga, huingia Semliki moja kwa moja. Mito ya mashariki huzunguka kupitia maziwa ya George na Edward, kisha nayo hutoka kwa Semliki hadi ziwa Albert. Kwa hiyo kila tone litokalo Ruwenzori, liwe limeanguka Kongo au Uganda, huishia katika mto Naili.

2. Jina na wenyeji

Tahajia za jina hili ni nyingi. Vitabu vya Kifaransa vimezoea Ruwenzori, Waganda huandika Rwenzori. Wenyeji wa pande zote mbili, yaani Wanande wa Kongo na Wakonzo wa Uganda, ambao lugha zao ni ndugu wa karibu sana, wana jina Rwenzururu, lililojengwa juu ya neno nzururu, yaani theluji. Jina hilo lilipata maana ya kisiasa upande wa Uganda kuanzia mwaka 1962, Wakonzo walipoanzisha harakati za kujitenga na utawala wa Toro, na mwaka 2009 serikali ya Uganda iliutambua rasmi ufalme wa Rwenzururu.

Hapo mwanaisimu hana budi kusimama kidogo. Husemwa mara kwa mara kwamba lugha za Kibantu hazina neno la theluji kwa kuwa wasemaji wake hawajaiona. Kinande na Kikonzo zinalo, kwa sababu wasemaji wake wanaiona kila asubuhi isiyo na mawingu. Katika imani za kale za wenyeji, theluji hiyo ni makao ya Kithasamba, na kwenda kwake kulihitaji heshima. Neno, basi, lilikuwapo kabla ya mgeni kufika na daftari lake.

3. Wapandaji wa upande wa magharibi

Historia iandikwayo kwa kawaida huanza na Stanley, aliyeuona mlima huo mwaka 1888. Lisilokumbukwa sana ni kwamba majaribio ya kwanza ya wageni kuupanda yalifanyika upande wetu. Mwezi Juni 1889, William Stairs, ofisa wa msafara wa Stanley, alipanda kutoka bonde la Semliki hadi kimo cha takribani mita 3,200, akarudi kwa kukosa chakula na nguo za baridi. Mwaka 1891 Mjerumani Franz Stuhlmann alifuata bonde la Butahu na kupita kimo cha mita 4,000. Njia ya Mutwanga ya leo inafuata bonde hilohilo.

Kilele chenyewe kilifikiwa kutoka mashariki. Tarehe 18 Juni 1906 Mwitalia Luigi Amedeo, mtawala wa Abruzzi, alisimama juu ya Alexandra na Margherita pamoja na viongozi wake wa milima. Ndiye aliyevipa vilele hivyo majina ya malkia wa Uingereza na wa Italia, na makundi mengine majina ya wasafiri wa Ulaya. Mwaka 1932 msafara wa Kibelgiji ulioongozwa na Xavier de Grunne ulipanda kutoka magharibi, ukiwa na wataalamu wa mimea na wa miamba, na kitabu chake kilichotoka mwaka 1937 kilikuwa kwa muda mrefu maelezo makuu ya upande huu. Miaka hiyohiyo ya 1930 upande wa Kongo wa mlima uliunganishwa na Hifadhi ya Albert, iliyoanzishwa mwaka 1925 na ambayo tangu mwaka 1969 inaitwa Hifadhi ya Taifa ya Virunga.

Katika historia hiyo yote wapagazi hawatajwi kwa majina. Wanahesabiwa tu: wapagazi kadha wa kadha, mizigo kadha wa kadha. Hata hivyo, ndio waliojua mahali pa kuvuka mto, pango la kulala, na saa ambayo ukungu hupanda.

4. Njia ya Mutwanga, kituo kwa kituo

Mutwanga iko miguuni pa mlima, kando ya barabara itokayo Beni kwenda Kasindi, kwenye kimo cha karibu mita 1,200. Karibu yake, Mutsora, kuna kituo cha walinzi wa Hifadhi, ambapo wapandaji walikuwa wakijiandikisha na kupewa kiongozi na wapagazi. Safari kamili ya kwenda na kurudi ilichukua siku tano au sita. Miezi iliyopendelewa ni ile yenye mvua chache: Desemba hadi Februari, na Juni hadi Agosti. Tunasema mvua chache, hatusemi kiangazi, kwa sababu Ruwenzori haina mwezi usio na mvua.

Siku ya kwanza msafiri huacha mashamba ya kahawa na mihogo, huingia msituni, na kufika kibanda cha Kalonge, mita 2,138. Sehemu hii ndiyo rahisi kuliko zote, lakini joto na utelezi wa njia huwachosha wanaoanza kwa haraka. Msitu ni mnene, na usiku husikika pimbi wa mitini wakilia kwa sauti ambayo mgeni huifikiria kuwa ya mtu aliye katika taabu.

Siku ya pili ni ya mianzi. Ukanda wa mianzi huanza muda mfupi baada ya Kalonge. Shina zimesongamana hata mwanga huwa wa kijani, na njia ni tope lenye mizizi. Mbele yake miti ya erika inaanza. Huko kwetu chini erika ni kichaka. Hapa ni mti kamili wenye shina lililopinda. Kibanda cha Mahangu kiko katika ukanda huo, mita 3,310.

Hapa ndipo ilipokuwa nafasi tupu ya kwanza katika insha ya mwanafunzi wetu. Aliandika: «Miti yote imevaa ... na inaning'inia kama ndevu.» Kitu hicho ni muungano wa kuvu na mwani, viumbe viwili vinavyoishi kama kimoja, na istilahi ya Kiswahili imeundwa kwa kuyaunganisha majina yao: kuvumwani. Neno hili lipo katika kamusi za sayansi, ila halijashuka darasani. Linafaa kushushwa.

Siku ya tatu mtu hupanda kutoka Mahangu hadi Kiondo, zaidi ya mita 4,200. Erika hupungua na mimea ya ajabu hutokea: lobelia yenye shada refu kama mnara, na senesio, ambayo ni jamaa wa maua madogo ya bustani lakini hapa husimama kwa urefu wa watu wawili au watatu, ikiwa imejifunika majani makavu shinani kama koti. Koti hilo lina kazi yake. Usiku maji huganda, mchana jua la ikweta huchoma. Majani makavu huikinga shina isipasuke. Ardhi ni kinamasi chenye vishikizi vya nyasi ngumu, na mpandaji huruka kutoka kishikizi kimoja hadi kingine; akikosea, huzama hadi gotini.

Chini ya Kiondo kuna ziwa ambalo wageni waliliita Ziwa Jeusi, na mbele zaidi kuna Ziwa la Kijani na Ziwa la Kijivu. Majina haya ni tafsiri ya Kifaransa, nayo yanaeleza rangi ya maji kwa uaminifu.

5. Mgongo, barafu na kilele

Kutoka Kiondo msafiri huwa na chaguo mbili. Ya kwanza ni matembezi ya saa chache juu ya sehemu ndefu na nyembamba ya mlima, inayoteremka pande zote mbili, hadi Wusuwameso, kilele cha miamba chenye takribani mita 4,460. Haihitaji kamba wala shoka la barafu. Wengi waliishia hapo, na hawakujuta, kwa maana ikiwa mawingu yamefunguka kundi lote la Stanley huonekana mbele yao upande wa magharibi, ambao hauonekani kutoka Uganda. Mwenye kujua Kinande husikia katika mwisho wa jina hilo neno ameso, macho.

Sehemu hiyo ndefu na nyembamba ilikuwa nafasi tupu ya pili. Tunapendekeza mgongo. Kiswahili tayari huugawa mlima kwa viungo vya mwili: husema mguu wa mlima, bega la mlima, ubavu wa mlima. Mgongo unaingia katika orodha hiyo bila kulazimishwa, na msikilizaji huelewa mara moja kwamba ni mahali palipoinuka, penye kushuka kulia na kushoto. Anayetembea juu yake anafuata mgongo; anayeuvuka anakata mgongo.

Chaguo la pili ni kuendelea hadi kibanda cha juu, kiitwacho Moraine. Njia hupita miamba mikali juu ya maziwa, ambako mikono hufanya kazi sawa na miguu. Jina la kibanda ni neno la Kifaransa la ile nafasi tupu ya nne, na kulieleza kunatulazimu tuanze na ya tatu.

Kiswahili kinatofautisha theluji, ambayo huanguka kutoka mbinguni, na barafu, ambayo ni maji yaliyoganda. Lakini juu ya Ruwenzori kuna kitu cha tatu: theluji ya miaka mingi iliyojibana ikawa barafu nene, na ambayo kwa uzito wake hutambaa polepole kuteremka bondeni. Kamusi zina neno barafuto, na tunalikubali. Barafuto ikitambaa huchimba mawe na kuyasukuma. Ikiyeyuka, huyaacha yamelundikana kama tuta. Tuta hilo ndilo neno la nne. Wanajiografia wameandika moreni. Sisi tungependa kifusi cha barafuto, kwa kuwa mwanafunzi anayejua kifusi cha nyumba iliyobomoka ataelewa bila kufafanuliwa.

Kutoka kibanda cha mwisho mpandaji huondoka kabla ya alfajiri. Huvaa meno ya chuma chini ya viatu, hushika shoka la barafu, na hufungwa kamba moja na wenzake. Kamba ni kwa ajili ya neno la tano: barafuto inapopita juu ya mwamba usio sawa hupasuka, na mpasuko waweza kufunikwa na theluji changa hata usionekane. Neno ufa linatosha, wingi wake nyufa. Ni lilelile la ukuta na la Bonde la Ufa. Akianguka mmoja, kamba huwashika.

Neno la sita ni lile la mahali pa chini kati ya vilele viwili, kama palipo kati ya Alexandra na Margherita. Mahali hapo ni muhimu, maana ndipo mpandaji anapovuka kutoka kilele hadi kilele bila kushuka mlima mzima. Tunapendekeza shingo. Wafaransa nao wametumia neno lenye asili ya shingo, lakini hatuhitaji idhini yao: palipo na mabega na kichwa, shingo ipo.

6. Hatari za mlima

Hatari ya kwanza si kuanguka, ni kimo. Kwenye mita 5,000 hewa ya kuvuta ni karibu nusu ya ile ya pwani. Kichwa huuma, chakula hukataa, usingizi hukosekana. Hizo ni dalili za kawaida, na dawa yake ni kupumzika katika kimo kilekile hadi mwili uzoee. Lakini anayeanza kuyumba kama mlevi, kusema ovyo, au kukohoa povu, hana dawa nyingine ila kuteremshwa upesi, hata kama ni usiku. Njia ya Mutwanga ina ugumu wake hapo, kwa kuwa humpandisha mtu zaidi ya mita 3,000 kwa siku tatu. Kwa hiyo siku moja ya ziada Kiondo, kwa ajili ya mgongo wa Wusuwameso, si anasa: ni tahadhari.

Hatari ya pili ni ubaridi wa maji. Nguo iliyolowa huondoa joto la mwili upesi, na ukungu wa mchana huficha njia. Ndiyo maana wapagazi wa zamani hawakuruhusu nguo kavu ya kulalia ivaliwe njiani hata mvua ikizidi.

7. Hali ya leo

Tumetumia mara nyingi wakati uliopita, na si kwa bahati. Tangu Oktoba 2014 wilaya ya Beni imepitia mauaji ya raia yasiyohesabika, na vijiji vya sekta ya Ruwenzori, pamoja na barabara ya Kasindi, havikuokoka. Mwezi Mei 2021 Kivu Kaskazini iliwekwa chini ya utawala wa kijeshi. Hakuna mwalimu mwenye dhamiri awezaye leo kumshauri mwanafunzi wake apande mlima kwa njia tuliyoieleza, wala makala haya si mwaliko wa kufanya hivyo. Upande wa Uganda, ambako hifadhi ya mlima ilianzishwa mwaka 1991, wageni huendelea kupanda kutoka Nyakalengija na Kilembe.

Wakati binadamu wamezuiliwa, barafu haisubiri. Mwaka 1906 barafuto za Ruwenzori zilienea takribani kilomita za mraba 6.5, mwaka 2003 zilibaki karibu kilomita moja tu, na zimezidi kupungua tangu hapo. Yale mahali ambapo Abruzzi alikanyaga barafu, leo mengi ni mwamba mtupu. Huenda njia itakapofunguliwa tena kwa amani, mpandaji wa kutoka Mutwanga asihitaji meno ya chuma wala kamba, na neno barafuto litabaki kuwa neno la historia.

Jambo hili lina uzito kwetu wa idara ya lugha. Wapagazi na viongozi wa zamani wa Mutwanga wanazeeka. Wengine wamehamia Beni, Butembo au Oicha kama wakimbizi. Ujuzi wao wa mlima umo katika maneno: majina ya mapango, ya vivuko, ya aina za ukungu, ya tope linalobeba mtu na tope lisilobeba. Watoto wao hawakupata nafasi ya kuyajifunza njiani, kwa sababu njia ilifungwa kabla hawajafikia umri wa kubeba mzigo. Mwanafunzi wetu ni mmoja wao.

8. Hitimisho

Tumeeleza njia ya Mutwanga kwa vituo vyake vinne, Kalonge, Mahangu, Kiondo na Moraine, na tumependekeza maneno sita: kuvumwani, mgongo, barafuto, kifusi cha barafuto, ufa na shingo. Manne kati yake hayakuhitaji kuundwa. Yalikuwa nyumbani, yakingoja kupelekwa mlimani. Hilo linaonyesha kwamba mara nyingi upungufu tunaousingizia Kiswahili ni upungufu wa matumizi yetu.

Tulimrudishia mwanafunzi insha yake pamoja na mapendekezo hayo. Baada ya wiki mbili aliileta imejazwa, na pembezoni, kwa penseli, alikuwa ameandika maneno kumi na moja ya Kinande aliyoyapata kwa baba yake alipomsomea. Alieleza kwamba baba alikubali mgongo na ufa, akacheka aliposikia shingo, kisha akaikubali. Juu ya barafuto alisema tu kwamba siku zake ilikuwa kubwa.

Tunawaomba wenzetu na wanafunzi wenye wazazi au babu waliopanda mlima kama wapagazi, viongozi au walinzi, wawaulize na kuandika: neno, maana yake, na mahali linapotumika. Kazi hiyo haihitaji kibali cha kuingia hifadhini wala barabara iliyo salama. Inafanyika sebuleni, na inafaa ianze sasa.